UZI: Ushuru sifuri kwenda Asia sio mkataba, sisi wa mkoa wa Tanga tuliliona kwenye mbaazi 2017

Mwana Korogwe

Wakuu habari za jioni. Kuna hoja nimekaa nayo muda mrefu na leo kijiweni pale stendi Korogwe imezuka tena, jamaa anasema China imefuta ushuru kwa bidhaa zetu zote kwahiyo mkonge wetu soko limeshapatikana, imeisha hiyo. Nikamwambia kaka haijaisha. Nimeona nije niandike hapa kwa urefu maana kijiweni ukianza kueleza tu mtu anakukatisha anahamia kwenye mpira.

Kwanza alichosema ni kweli. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwenye asilimia 100 ya aina za bidhaa zinazotoka nchi zilizo kwenye lile kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni zaidi, zile zenye ubalozi nayo, na sisi tumo. India nao wana mpango wa namna hiyohiyo kwa kundi hilohilo tangu 2008. Kwahiyo anayesema mlango wa Asia uko wazi hadanganyi. Ila mlango huu kaufungua mwenye nyumba kwa hiari yake, hatujasainiana naye popote kwamba hataufunga. Mkataba wa biashara huria ni kitu kingine kabisa, pale mnakaa mezani, wewe unaachia hiki mimi naachia kile, inaandikwa bidhaa kwa bidhaa, ushuru unashuka mwaka hadi mwaka, na mmoja akikiuka kuna pa kumshitakia.

Tofauti hiyo mimi sikuisoma darasani. Mwaka 2016 mzee wangu aliuza mbaazi kule Handeni kilo moja elfu mbili na ushee, akaezeka nyumba. Msimu uliofuata kila mtu akalima mbaazi, watu wamefyeka, wengine wamekopa mbegu, mama zangu wadogo wote wawili wameingia. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazotoka nje. Bei huku ikadondoka mpaka mia mbili, na ukisita dalali anakwambia basi bakia nazo. Mzee aliziacha shambani mbuzi wakaingia. Nafuu ya ushuru tulikuwa nayo jamani! Haikutusaidia chochote kwasababu kilichofungwa ni kiasi, sio ushuru.

Sasa angalieni majirani zetu wa Msumbiji. Julai 2016, mwaka mmoja tu kabla, walikuwa wameandikishana na India makubaliano ya mbaazi, serikali kwa serikali, na kiasi kimetajwa mwaka kwa mwaka, tani 125,000 kwa msimu wa 2017/18, zikipanda hadi 200,000 kufikia 2020/21. Ukomo ulipokuja wao haukuwagusa. Mbaazi ni zilezile, bahari ileile, mnunuzi yuleyule, tofauti ni karatasi. Hilo jambo mpaka leo linaniuma.

Naendelea chini, niacheni nipate chai.

Raskazone

Mkuu umenikumbusha mbali, sisi tulikuwa tunanunua mbaazi Kilindi tunashusha ghalani hapa mjini, mwaka ule tulikaa na mzigo miezi tukauza kwa hasara. Ila swali langu, hii mikataba kuna mahali imesaidia MKOA? Maana nchi kufaidika sawa, takwimu zitapanda, lakini mtu wa wilayani je?

Mwana Korogwe

Hilo ndo swali lenyewe mkuu. Mfano ninaoufuatilia sana ni Australia, kwasababu wale walisaini na nchi tatu kubwa za Asia karibu kwa mkupuo, Korea Kusini ikaanza kazi tarehe 12 Desemba 2014, Japani tarehe 15 Januari 2015, China tarehe 20 Desemba 2015. Na waliofaidika kwa kuonekana sio watu wa Sydney, ni mikoa ya ndani inayofuga na kulima.

Chukua nyama ya ng'ombe. Korea ushuru ulikuwa asilimia 40, mkataba ukaandika utashuka kidogokidogo kwa miaka 15 mpaka uishe. Mnajua kwanini walikimbizana kusaini? Marekani alikuwa ametangulia, wa kwake na Korea ulianza Machi 2012, kwahiyo nyama ya Mmarekani kila mwaka ilikuwa inaingia kwa ushuru mdogo kuliko ya Muaustralia, na pengo linaongezeka. Ni hadithi yetu na Msumbiji kabisa. Ukichelewa kusaini hubaki pale ulipokuwa, unarudi nyuma, maana mwenzio anasogea.

Sasa kuna mji unaitwa Toowoomba, jimbo la Queensland, uko bara juu ya milima, umezungukwa na mashamba na machinjio, niseme kama Korogwe ingekuwa kubwa na tajiri. Novemba 2014 walifungua uwanja wa ndege uliojengwa na watu binafsi, familia ya wakandarasi wa palepale, na Novemba 2016 ndege ya mizigo ya Cathay Pacific ikaanza kutua kila wiki kuelekea Hong Kong. Nyama na mboga za wilaya zile zikawa zinapakiwa nyumbani badala ya kusafirishwa kwanza mpaka mji mkubwa. Ndo hapo namjibu Raskazone: mkataba ulishusha ushuru kwa Australia nzima, lakini mkoa uliovuna vizuri ni ule uliokuwa na njia yake ya kutokea. Dereva, mtu wa chumba cha baridi, mkaguzi wa mifugo, fundi wa mashine ya kufungia, wote wanalipwa palepale mjini kwao.

Mdau wa Bandarini

Kwenye njia ya kutokea naomba niongeze maana nipo hapahapa. Bandari ya Tanga zamani meli ilikuwa inatia nanga mbali huko, kama kilometa 1.7 kutoka gatini, mzigo unashushwa kwenye matishari, tishari linavutwa mpaka gatini, unapakuliwa tena. Mzigo mmoja unashikwa mara mbili na unalipiwa mara mbili. Wenye mkonge wengi wakaona bora walipie roli mpaka Dar au Mombasa. Sasa hivi gati mbili zenye mita 450 zimejengwa, kina kimechimbwa kufika mita 13, mradi wa shilingi bilioni 429.1, na meli inafunga gatini yenyewe. Tena aliyejenga ni kampuni ya Kichina, CHEC.

Kinachobaki ni meli za makontena kuja kwa ratiba. Mwenye meli haji kwa kupenda upepo wa Raskazone, anakuja kwa mzigo wa kwenda NA wa kurudi. Ukimletea makontena ya kuingia halafu akaondoka na matupu, nauli anakubebesha wewe.

Fundi wa Ngamiani

Mnaongea mazuri tu wakuu ila mimi nina karakana na nasema wazi naogopa. Biashara huria maana yake na wao wanaleta kwetu bila ushuru. Sasa hivi hata hivyo ushuru upo na bado nashindana na viti vya plastiki na makabati ya maganda kutoka huko. Na nyie wa mkonge mmesahau kilichowaua? Kamba za nailoni! Wazee wetu mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, Tanga ndo ilikuwa roho ya uchumi wa nchi, halafu nailoni ikaja, mashamba yakataifishwa, ikawa pori. Na magunia, korosho kila msimu tunasikia magunia yanasubiriwa yatoke Bangladesh, wakati mkonge wa magunia upo hapa. Mwaka 2016 tulikataa kusaini ule mkataba wa Ulaya na Afrika Mashariki kwa hofu hiihii ya viwanda, mimi naona walikuwa sahihi.

Mwana Korogwe

Fundi heshima yako, na hofu yako siibezi kwasababu ni ya kweli. Ndo maana nasema mkataba unaandikwa bidhaa kwa bidhaa. Tazama Japani alivyomfanyia Muaustralia, anapenda nyama lakini ana wafugaji wake, kwahiyo hakuondoa ushuru wote, nyama ya kugandishwa ulitoka asilimia 38.5 kwenda 19.5 na kwa muda wa miaka 18. Miaka 18! Mfugaji wa Japani kapewa muda mtoto azaliwe amalize sekondari. Kwahiyo na sisi tukikaa mezani tunasema fenicha, magunia, kamba, hivi vinabaki na ulinzi kwa miaka hii na hii. Mpango wa zawadi haukupi nafasi ya kusema hivyo wala vile, maana hujaitwa mezani.

Ila fundi na mimi nikuulize, mashine zako za karakana zimetoka wapi? Mashine mpya za kuchakata mkonge zile tunaziita korona, vipuri, brashi, matrekta madogo, vingi vinatoka Asia hukohuko. Watu wengi wakisikia mkataba wanafikiria tu tunachouza, lakini mkulima kununua mashine kwa bei ya chini nayo ni faida ya mkataba, na kwa mkulima mdogo mara nyingi ndo anaanza kuihisi hiyo kabla ya bei ya mazao.

Na kuna kitu kuhusu mkonge inabidi nikieleze taratibu maana ndo roho ya uzi huu. China ndo mnunuzi wetu mkubwa wa singa. Tunafunga marobota ya kilo 250, yanaenda, kule wanatengeneza mazulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma, nyuzi za katikati ya kamba za chuma za lifti. Duniani kote ushuru wa malighafi huwa mdogo, na unapanda kadiri kitu kinavyosindikwa, maana kila nchi inataka kiwanda kiwe kwake. Ukiuza singa, kufutiwa ushuru kunakupa nafuu kiduchu tu. Ukiuza zulia ndo unaona faida yenyewe. Kwahiyo sifuri ya China kwa mtu anayeuza singa peke yake ni kama amepewa ufunguo wa ghala ambalo hana cha kuliwekea. Tukiwa na viwanda vitatu vinne vya mazulia hapa Pongwe au Korogwe, hapo ndo hesabu inabadilika kwa mkoa.

Binti wa Mkinga

Kaka zangu shikamooni. Mimi naomba mtutaje na sisi wa mwani. Huku kina mama wanaingia baharini maji yakitoka, wanafunga kamba, wanaanika, na anayekuja kununua ni huyohuyo mmoja na bei anasema yeye. Hivi hiyo sifuri ya China mama aliyeko Moa anaiona wapi? Mie nilimuuliza mnunuzi akanijibu hayo ni mambo ya Dar.

Mwana Korogwe

Marhaba dada. Umeuliza vizuri kuliko sisi wote.

Ukweli ni kwamba ushuru unalipwa na anayeingiza mzigo kule, ukifutwa nafuu inabaki mikononi mwake kwanza. Inashuka mpaka kwa mama wa Moa pale tu ambapo wanunuzi wako zaidi ya mmoja na wanagombania mwani wake. Kwahiyo kinachotakiwa ni kina mama wawe na ushirika wenye ghala, mwani ukae mkavu usio na mchanga, wauze kwa pamoja kwa mnada. Wakulima wadogo wa mkonge huku Korogwe wana vyama vyao vya msingi, Mwelya, Magoma, Hale, Ngombezi na Magunga, wana matatizo yao mengi siwezi kuficha, lakini mkulima wa pale anajua singa zake ni za daraja gani na bei ya daraja hilo ni ngapi. Mama wa mwani hajui, anaambiwa.

Halafu kuna karatasi ya uasili wa bidhaa. Hii watu hawaijui na ndo inaamua. Sifuri haiji yenyewe kwa kusema tu huu mwani ni wa Tanzania, lazima mzigo uende na cheti kinachothibitisha umetoka hapa, na kwetu chemba ya biashara, TCCIA, ndo wanatoa vyeti vya namna hiyo. Mzigo wetu ukivuka mpaka Horohoro kienyeji ukaenda kuunganishwa na wa kule Vanga, ukapakiwa Mombasa kama wa Kenya, hapo jina la Tanga limeshapotea na nafuu yake imepotea. Dada, hilo linatokea na wewe wa Mkinga unalijua kuliko mimi.

Binti wa Mkinga

Linatokea kaka. Usiku na mchana.

Raskazone

Na machungwa ya Muheza? Msimu ukifika yanamwagwa barabarani pale, gunia zima bei ya soda. Wachina si wanakula machungwa?

Mwana Korogwe

Wanakula sana, lakini tunda bichi haliingii China kwasababu ushuru ni sifuri. Linaingia kama nchi mbili zimesaini itifaki ya afya ya mimea kwa tunda HILO kwa jina lake, wadudu gani wanakaguliwa, bustani gani na nyumba gani za kufungashia zimesajiliwa na forodha yao. Kwa upande wetu kazi hiyo iko kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Inzi wa matunda huku kwetu ni tatizo kubwa, ukifungua chungwa la Muheza la mwisho wa msimu unajua mwenyewe. Kwahiyo bila kumaliza inzi hata uandikiwe mkataba wa dhahabu chungwa litaishia Segera.

Viungo vya Amani, iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, hivyo naviona karibu zaidi. Vikavu, havina haraka, kontena linakaa baharini wiki tatu na hakiharibiki kitu, na India wanavijua tangu enzi za majahazi. Tatizo letu kule ni kuanika chini kwenye udongo. Turubai na chanja tu jamani. Nimeona mzigo wa mtu umepunguzwa bei karibu nusu kwa mchanga na ukungu, na mzigo wenyewe ulikuwa mzuri unanukia mpaka barabarani.

Mdau wa Bandarini

Mkuu naomba uweke na upande wa pili. Hao Australia mkataba haukuwaokoa na China ilipokasirika.

Mwana Korogwe

Kweli kabisa na nilitaka nifike huko. Mvinyo wao ulikuwa na ushuru wa asilimia 14 mpaka 20 China, mkataba ukaushusha mpaka sifuri ilipofika Januari 2019, China ikawa mteja wao mkubwa kuliko wote. Siasa zikaharibika 2020. Mei mwaka huo shayiri ikapigwa ushuru wa asilimia 80.5, Machi 2021 mvinyo ukapigwa mpaka asilimia 218.4, wenye mashamba ya zabibu wakabaki na mapipa yamejaa. Kisingizio kilikuwa kwamba wanauza chini ya bei halali, kipengele ambacho sheria za biashara zinakiruhusu. Kwahiyo karatasi sio ngome.

Ila tazameni kilichofuata, Australia wakapeleka kesi Shirika la Biashara Duniani, na huku wanazungumza, shayiri ikafunguliwa Agosti 2023, mvinyo Machi 2024. Walikuwa na pa kusimama. Sisi kwenye mbaazi 2017 tungesimama wapi? Na wakulima wao wa shayiri walihamishia mzigo kwingine kwasababu walikuwa na zaidi ya mteja mmoja. Mkonge wetu umeegemea China mno, hilo linanitisha kuliko ushuru.

Fundi wa Ngamiani

Sasa kwanini Tanzania isisaini yenyewe na India au China leo tumalize?

Mwana Korogwe

Kwasababu tumo kwenye umoja wa forodha wa Afrika Mashariki tangu 2005, ushuru wetu wa nje ni wa pamoja, huwezi kumfungulia mtu mlango wako bila kuwashirikisha wenzio wakati uani mnatumia mmoja. Bidhaa ya bure ikiingia Mombasa kesho iko Tanga. Lakini wenzetu wanasogea, Kenya Januari 2025 wamesaini na Falme za Kiarabu, na Falme za Kiarabu ni Asia hiyohiyo. Mauritius wao kisiwa kidogo wamesaini na China ukaanza Januari 2021 na wa India Aprili 2021. Ninachoona kinawezekana mapema kwetu ni kile alichofanya Msumbiji, makubaliano ya zao moja moja yenye kiasi kilichoandikwa. Mbaazi, karafuu, mwani.

Na hili la kundi la nchi maskini tusilikalie. Benki ya Dunia tangu Julai 2020 inatuhesabu nchi ya kipato cha kati cha chini. Kwenye lile kundi lingine la Umoja wa Mataifa bado tumo, na siku tukitoka zile nafuu zilizofungwa kwenye kundi hilo zinakoma baada ya muda wa mpito. Juni 2025 China ilitangaza nia ya kufuta ushuru kwa nchi 53 za Afrika, ni habari njema, ila tangazo peke yake nalo sio mkataba, halafu likitekelezwa mkonge wa Kenya nao unaingia sawasawa na wetu, ile nafasi ya kuwa mbele yao inaisha.

Shamba Handeni

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndo nimenunua ekari sita Mkata, naambiwa mbaazi sasa India wamefungua. Nilime nisilime?

Mwana Korogwe

India walifungua mbaazi Mei 2021 na wamekuwa wakiongeza muda kila unapokaribia kuisha. Ukisoma tangazo lao utaona lina tarehe ya mwisho. Nenda kaangalie tarehe hiyo inaangukia wapi, wewe unavuna Agosti Septemba, mzigo unafika kule Oktoba. Kama inaisha kabla hujavuna, weka ekari mbili tu za mbaazi, tena uchanganye na mahindi, nne weka alizeti au mkonge. Na usiuze shambani kwa dalali, uliza ghala la stakabadhi lililo karibu nawe linapokea lini.

Mzee wangu mwaka huu kalima ekari moja. Nilimuuliza kwanini moja, akasema hiyo hata wasiponunua tutapika.